Kabati la dukani, mabaki ya mtaani: mwongozo kamili wa kuibadilisha fenicha yako ukiwa Mbeya, Iringa au Njombe

Ukiingia nyumba nyingi huku Mbeya utalikuta, kabati la droo tatu au nne la MDF (ubao wa unga wa mbao uliobanwa kwa gundi), rangi ya kahawia inayong'aa, mikono ya droo ya plastiki iliyopakwa dhahabu, na ukienda kwa shemeji yako Uyole unalikuta lile lile. Si kitu kibaya, limewasaidia wengi kuanza maisha. Ila baada ya masika mawili matatu chini linaanza kuvimba, droo zinakaza, mkono unang'oka unabaki nao, afu linatolewa nje. Roho inaniuma nikiliona limeegeshwa karibu na jalala linanyeshewa, maana sehemu kubwa ya kabati hilo bado ni nzima, na vitu vya kulifanya liwe zuri kuliko lilivyotoka dukani vipo mitaani kwetu, vingine bure kabisa.

Hebu angalia tulichonacho. Iringa kuna Sao Hill pale Mufindi, shamba la miti la serikali ambalo ndo kubwa kuliko yote nchini, na kuanzia Mafinga kushuka mpaka Makambako ni mbao za paina tupu, kila wanapochana mbao kuna lundo la mabanzi, yale mapande ya pembeni yenye magome ambayo yanaishia kuwa kuni. Mianzi ipo Iringa na Njombe, ile ile inayogemwa ulanzi. Magunia ya kahawa Mbozi. Tyubu za bodaboda zilizotoboka kila kijiwe. Mikanda ya ngozi ya mitumba. Mafundi seremala wa Sido Mwanjelwa kila jioni wanafagia vipande ambavyo wewe ungevinunua.

Sasa kitu kimoja nakuomba ukishike tangu mwanzo, mifupa kwanza urembo baadae. Watu wengi wanaanza na rangi. Kabati linayumba, chini limeloa, wao wanapaka rangi nzuri ya bluu, miezi sita mbele ni lile lile bovu ila la bluu.

Likague kabla hujashika brashi

Toa droo zote, litoe nje kwenye mwanga. Shika tepu upime pembe kwa pembe, yaani kutoka kona ya juu kushoto mpaka ya chini kulia, afu ile nyingine. Vipimo viwili vikilingana kabati limenyooka, vikipishana hata sentimita moja limelala upande na hiyo ndo sababu droo zinakaza, wala usianze kuzipiga randa droo. Geuza uangalie mgongo. Ule ubao mwembamba wa hadibodi nyuma watu wanaudharau ila ndo unaolishika kabati lisiyumbe, ukiachia misumari yake kabati zima linacheza. Halafu bonyeza kwa ukucha sehemu za chini, ukucha ukizama kama kwenye mkate basi hapo maji yameshaingia, MDF ikishavimba hairudi hata uianike mwezi, sehemu hiyo inakatwa.

Kama ni la mbao kweli angalia vitobo vidogo vyenye unga mwepesi unaomwagika. Huo unga ukiwa mpya wadudu bado wapo, lipige dawa ya mbao na uliache nje ya nyumba kwanza kabla hujaliweka karibu na kitanda chako.

Na ujue limetengenezwa na nini, maana kila kitu kina tabia yake. Angalia ukingo ambao haujafunikwa. Ukiona tabaka tabaka ni plaiwudi, ukiona unga laini uliobanwa ni MDF, ukiona chenga chenga ni chipbodi, ukiona mistari ya mbao inaendelea kutoka juu mpaka ukingoni ni mbao yenyewe. Chipbodi na MDF nyingi zinakuja na ngozi ya plastiki juu, na rangi haishiki kwenye plastiki. Lazima uikwaruze na msasa namba 180 mpaka mng'ao wote ufe, ufute vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, upake andakoti ya mafuta kwanza. Vumbi la MDF ni baya kwa mapafu, lina gundi ndani yake, kwa hiyo vaa barakoa na ufanyie nje. Na kama ni kabati la zamani sana lenye rangi ya miaka ya bibi, usilisugue likiwa kavu, rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, lowanisha msasa wa maji ndo usugue, na watoto wakae mbali.

Mabaki ya kuchukua, na ya kuyaacha pale pale

Paleti ni nzuri lakini soma mhuri wake. Paleti zinazosafiri nchi hadi nchi zinagongwa alama ya kimataifa, ukiona herufi HT maana yake mbao ilipashwa joto, kiini chake kikafika nyuzi 56 kwa dakika 30, hiyo chukua. Ukiona MB iache, hiyo ilifukizwa gesi ya sumu ya kuua wadudu. Isiyo na mhuri inusie, ikinuka mafuta au dawa achana nayo pia, huwezi kujua ilibeba nini njiani kutoka Tunduma.

Nguzo za umeme ndo nasisitiza zaidi kwa sababu huku kwetu zinatengenezwa nyingi na vipande vyake vinazagaa. Zile mbao na nguzo zenye ukijani zimepigwa dawa yenye shaba, kromiamu na arseniki, nyeusi nyingine zimelowekwa kreosoti. Haziozi kirahisi, ndiyo, lakini si za ndani ya nyumba, si za kuweka nguo za mtoto, na vipande vyake usivichome jikoni hata siku moja, moshi wake ni sumu. Vile vile mifuko na madumu yaliyobeba dawa za mashambani, sijui za viazi sijui za mahindi, yasiingie kwenye kazi hii.

Mabanzi ya paina yana uzuri wake ila yanatoka kiwandani yana maji. Ukiyatumia mabichi yatajikunja ukiwa umeshapaka vanishi. Yapange kivulini penye upepo, kila safu uitenganishe na vijiti vya unene mmoja ili hewa ipite, juu weka kitu kizito. Utajuaje yamekauka? Chukua kipande kimoja kipime kwenye mzani wa jikoni, andika uzito kwa penseli juu yake, wiki ijayo pima tena, uzito ukiacha kushuka wiki kadhaa mfululizo basi kimefikia hali ya hewa ya hapo ulipo. Njia hii ni ya uhakika kuliko kugonga na kusikiliza mlio.

Misumari ya paleti usiitupe, utaihitaji mbele. Na kabla msumeno haujagusa ubao wowote wa kuokota pitisha sumaku ya spika mbovu juu yake taratibu, ikivutwa ujue kuna msumari umevunjikia ndani.

Mifupa

Vifaa: msumeno, nyundo, bisibisi, drili (ya kuazima inatosha), tepu, msasa namba 80, 120, 180 na 240, gundi nyeupe ya mbao, skrubu za milimita 4. Jiliwa au klempu, vile vyuma vya kubania mbao gundi ikikauka, si lazima. Chukua tyubu ya bodaboda, ikate kwa kuizungusha upate utepe mrefu wa upana wa sentimita 2 au 3, huo ndo klempu yako. Inavuta vizuri na kwa miguu ya kiti ya duara inabana kuliko klempu ya chuma.

Kiungo kilichoachia kifungue kabisa, usimwagie gundi juu kwa juu. Kwangua gundi ya zamani mpaka uione mbao, maana gundi nyeupe inataka kuingia kwenye nyuzi za mbao na gundi kavu ya zamani inaiziba. Paka pande zote mbili kiasi, unganisha, zungushia utepe wa tyubu ukiuvuta kila mzunguko. Utaona gundi inatokeza kwenye mstari wa kiungo kwa vitone vidogo vidogo vilivyofuatana kama shanga, hapo ndo penyewe. Isipotokeza kabisa gundi ni chache, ikichuruzika umemwaga nyingi, futa na kitambaa chenye maji sasa hivi kabla haijakauka, kwa sababu gundi iliyobaki juu inazuia rangi na itakuachia doa. Pima tena pembe kwa pembe gundi ikiwa bado mbichi, sukuma mpaka vilingane, afu liache mpaka kesho.

Jamani na hili la baridi mlisikie, mafundi wa Dar hawalijui. Gundi nyeupe inafanya kazi vibaya joto likishuka chini ya nyuzi 10 hivi, na sisi Juni na Julai asubuhi Mbeya, Mufindi au Njombe tunafika huko na chini zaidi. Inakauka ikiwa nyeupe kama chokaa badala ya kuwa angavu, na kiungo hakina nguvu, ukikigonga kinaachia. Kwa hiyo kipupwe gundisha kuanzia saa nne tano jua likiwa limepanda, mbao zenyewe ziwe zimeota jua kidogo, na usiku kazi ilale ndani.

Kona za ndani ongezea vipande vya pembetatu, vya gundi na skrubu. Kwenye MDF na chipbodi usipige skrubu bila kutoboa kwanza, toboa na biti ya milimita 3 hivi, na ukiwa unapiga kwenye ukingo kaa mbali na kona kama sentimita 7, la sivyo unapasua ubao katikati. Tundu la zamani lililolegea jaza vijiti vya kibiriti vilivyochovywa gundi, vikikauka kata usawa, toboa upya. Mgongo kama umeoza weka mwingine wa plaiwudi nyembamba, ndo pa kutumia hela kidogo.

Afu miguu. Kama kuna kitu kimoja tu utafanya kwenye mwongozo huu wote, fanya hiki. Makabati mengi ya dukani yanakaa moja kwa moja kwenye sakafu ya saruji, masika sakafu inatoa unyevu, unapiga deki, MDF inanyonya kutoka chini taratibu. Kata sehemu iliyovimba yote mpaka ukute kavu, paka ukingo uliokata gundi iliyochanganywa na maji kidogo, ikikauka piga msasa upake rangi ya mafuta mara mbili, halafu unda fremu ya mbao chini yenye miguu ya sentimita 10 mpaka 15. Miguu ichukue kwenye paleti nzito, zile mbao nene za katikati, au mguu wa kitanda kilichovunjika. Chini ya kila mguu pigilia kipande cha tairi. Maji hayafiki, ufagio unapita, na kabati linapata umbo jingine kabisa hata kabla hujaweka urembo wowote.

Sura ya droo

Hapa ndo watu watakuuliza umenunua wapi, tunafunika uso wa kila droo kwa fito za mianzi. Mianzi mikavu ipasue kwa panga katikati, kila kipande upate fito za upana wa sentimita 2, vifundo vya ndani vikwangue na tindo vilale bapa. Mianzi ina wanga ndani na wanga ndo chakula cha wadudu wanaoigeuza unga, kwa hiyo kama umeikata mbichi iloweke kwanza mtoni kwenye maji yanayotembea wiki kadhaa, au chemsha fito kwenye pipa, afu anika kivulini. Usipofanya hivo mwakani utafagia unga chini ya kabati.

Panga fito zote kwenye meza kwanza bila gundi, geuza vifundo visikae mstari mmoja, vikitawanyika vinapendeza. Gundi, halafu pini ndogo mbili kila fito, lazima utoboe kabla ya kupiga maana mwanzi unapasuka kwa urefu wote kwa pini moja tu. Kitu cha kuangalia sana ni nafasi kati ya droo na droo. Uso ukiuongezea unene au ukautoa nje ya kingo droo haifungi. Weka kadi tatu za benki zilizokwisha muda kati ya droo ya juu na ya chini wakati unapima, moja ina unene wa robo tatu ya milimita hivi, tatu zinakupa milimita mbili na kitu, nafasi hiyo inatosha hata masika mbao zikivimba kidogo.

Mikono ya droo, kata mkanda wa ngozi sentimita 15, ukunje, toboa kwa msumari wa moto, piga skrubu yenye washa. Angalia tu urefu wa skrubu kwa sababu uso umekuwa mnene, ile ya zamani haitafika.

Kama kabati lina milango, toa ubao wa katikati ubakize fremu na uweke gunia la kahawa. Likung'ute nje, lifue, lianike, lipige pasi likiwa na unyevu. Anza kulibana na stapla katikati ya kila upande kwanza, juu chini kushoto kulia, ndo uelekee kwenye kona, ukianzia kona litakaa na mawimbi. Nyuma yake weka kitambaa cheusi vitu vya ndani visionekane. Kabati la viatu au la vyombo linapumua, harufu ya ukungu ya mwezi wa tatu inapungua sana. Wenye mkono wa ususi wanaweza kutumia milulu, ile ya vikapu vya Iringa, na vikapu vilivyopasuka mdomo vina pande nzima nzuri za kukata, hapo unafuata utaratibu ule ule.

Juu ya kabati

Ukitaka kuweka mbao za paleti au banzi lililorandwa juu ya MDF, usiligundishe lote. Mbao inapanuka na kusinyaa kwa upana wake kila msimu, kwa urefu karibu haitikisiki, na MDF iliyo chini haitembei nayo. Huku kwetu tofauti ya Februari mvua ikimwagika na Oktoba midomo ikipasuka ni kubwa, na mbao inaisikia vile vile unavyoisikia wewe. Ukiibana kila mahali itapasuka katikati. Piga skrubu kutokea chini, mstari wa mbele ubane kabisa, mistari ya nyuma matundu kwenye MDF yafanye marefu kidogo kuelekea upande wa upana, weka washa, skrubu iweze kuteleza humo. Vifundo vya paina vipake sila (ile ya kuziba mbao) kabla ya rangi, utomvu wake unapenya rangi ukatoa madoa ya njano.

Rangi ya chai na kutu

Sasa ile misumari ya paleti. Ioshe mafuta kwa sabuni, itie kwenye chupa ya plastiki, mimina siki mpaka ifunikwe, kifuniko kiache kimelegea kwa sababu inatoa gesi, weka mbali na moto. Baada ya siku kadhaa maji yanakuwa ya kijivu au hudhurungi, chuja kwa kitambaa. Upande mwingine chemsha chai ya rangi nzito kabisa, majani mengi maji kidogo, ya Rungwe au Mufindi yote sawa, ipoe.

Paka chai kwenye mbao uliyopiga msasa mpaka 180, acha ikauke. Paina yenyewe haina tanini ya kutosha, ile inayoipa chai ukakasi, chai ndo inaiongezea. Halafu pitisha brashi ya maji ya misumari mara moja, kwa urefu wa nyuzi, bila kurudia rudia. Mwanzo hutaona kitu, mbao imelowa tu. Subiri. Inaanza kwenye mistari laini kati ya pete za mti, kijivu chepesi, halafu inatambaa, ndani ya dakika chache ubao mweupe wa Mafinga umekuwa na weusi wa mbao iliyokaa dari la nyumba ya zamani, na mistari yake yote bado unaiona, kitu ambacho rangi ya kopo haikupi. Chuma cha kwenye siki kimekutana na tanini ya chai, hakuna ujanja mwingine. Ukitaka nyepesi punguza maji ya misumari kwa maji safi. Jaribu kwanza kwenye kipande cha ubao ule ule, vaa glovu, na ikikauka kabisa piga msasa 240 kwa mkono mwepesi. Kwenye MDF haitoki vizuri, huko tumia rangi.

Vanishi

Nyembamba mara tatu ni bora kuliko nene mara moja. Kila ukimaliza kupaka mara moja na ikakauka, piga msasa 240 kabla ya kurudia, futa vumbi. Msimu wa mvua usipake mchana mawingu yakishafunga, vanishi ya thina ikikauka kwenye hewa yenye unyevu inafanya ukungu mweupe juu ambao hautoki mpaka ukwangue. Paka asubuhi umande ukishaisha, uwe umemaliza kabla ya saa nane.

Na tafadhali sana, najua kipupwe tunaingiza jiko la mkaa ndani, siku unayopaka thina au vanishi jiko lisiwe chumba hicho wala cha jirani yake. Mvuke wa thina unatembea chini chini na unashika moto. Hata bila thina, mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua, fungua madirisha.

Kulirudisha ndani

Usipange nguo siku hiyo hiyo, acha droo wazi mpaka harufu ya vanishi iishe, nguo zinainyonya na haitoki kwa kufua mara moja. Njia za droo zisugue na kipande cha mshumaa, zitateleza. Acha upana wa vidole viwili kati ya kabati na ukuta hewa ipite, hasa kama ukuta ni wa nje. Kabati sasa lina miguu na juu limeongezeka uzito, mtoto akivuta droo zote kwa pamoja linaweza kumwangukia, kwa hiyo piga kipande cha chuma cha L nyuma juu, skrubu moja kwenye mbao ya kabati na nyingine ukutani kwenye plagi ya plastiki ya kushikia skrubu, si ya umeme. Baada ya masika ya kwanza pitia skrubu zote na bisibisi, za fremu ya miguu ndo zinazotangulia kulegea.